Magugu ya Mheshimiwa

Idara ya Bustani na Hewa Safi ilitangaza, kwa vipaza sauti vilivyozunguka mitaa yote, kwamba vijana wa mjini hawatazurura tena likizo ndefu ya shule. Wangepewa ajira ya kuhifadhi mazingira katika bustani za umma. Vipaza sauti vikiwa bado barabarani, kikao kilikaa, kikaona kwamba neno ajira lina tabia mbaya ya kudai mshahara. Likaondolewa, likawekwa kujitolea. Fungu la fedha za vijana halikuliwa, kama walivyodai wenye midomo mirefu. Lilitumika kulipa posho za vikao vilivyojadili namna ya kuwajengea vijana moyo wa kutopenda posho.

Aliyeongoza vikao hivyo ni Kaimu Mkurugenzi. Alikuwa amekaimu kwa muda mrefu hata nyumbani mkewe alimwita Kaimu, na mama mkwe aliwahi kuuliza kama ndoa nayo anaikaimu. Alitaka kitu kimoja tu duniani: athibitishwe. Akithibitishwa angepata gari lenye dereva, zulia ofisini, na kibao cha mlangoni kisicho na lile neno. Sasa Waziri mwenyewe alikuwa aje Ijumaa kufunga mpango wa vijana mbele ya kamera, na penye kamera Waziri hana mkono wa birika.

Kazi ya vijana ilikuwa bwawa la bustani kuu, lililofunikwa na magugu maji mpaka bata wakawa wanatembea juu yake kwa miguu. Mpango uliandaliwa kitaalamu. Kwanza semina kuhusu falsafa ya reki. Kisha kupimwa fulana. Kisha semina ya kutathmini semina. Siku ya kufunga, Waziri angevuta gugu la kwanza, vijana wangevuta yaliyobaki, na picha zingetoka magazetini.

Vijana wakaharibu kila kitu. Walichoka kukaa, wakachukua reki zenyewe bila falsafa yake, wakaingia majini. Ijumaa asubuhi Kaimu alikuta bwawa linang'aa mpaka chini na magugu yote yamerundikwa nyuma ya choo. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nani amewaruhusu kumaliza?"

"Mjomba, si mlisema tuyatoe?" Aliyejibu ni binti wa dada yake, ambaye nyumbani, kwa ubishi wake, walimwita Wakili.

"Nilisema mtashiriki katika zoezi la kuyatoa. Kushiriki na kumaliza ni vitu viwili tofauti kabisa. Na hapa kazini usiniite mjomba."

"Haya, Kaimu. Sasa tufanye nini?"

"Yarudisheni bwawani."

Vijana walicheka, wakidhani mzee anatania. Kaimu aliwaelewesha kwa upole wa mtu anayesema na watoto wadogo. Ratiba ya Waziri inasema, Mheshimiwa kuvuta gugu. Gugu halipo. Ni ofisa gani mwenye akili timamu anayempokea mgeni mkubwa kwenye bwawa safi?

"Hebu tazama hii mikono," Wakili alisema. Viganja vilikuwa vimechubuka, kimoja kimefungwa kitambaa. "Mlituahidi mshahara, hatukuuona. Mkaahidi chakula cha mchana, tukaambiwa kipo kwenye mchakato. Haturudishi hata jani."

"Kujitolea ni lazima!"

"Basi jitolee wewe, mjomba."

Wakaketi kwenye nyasi, wengine wakavua gambuti na kunyoosha miguu. Kaimu alihisi dereva, zulia na kibao vikimtoka mkononi. Akawageukia maofisa wake. Mhasibu alishikwa na mgongo papo hapo. Katibu alikumbuka simu ya dharura, akaenda kuizungumzia nyuma ya mti, ingawa simu yenyewe alikuwa ameiacha mezani kwake. Kaimu akabaki na toroli.

Alivua koti, akakunja suruali, akajaza toroli na kulisukuma mpaka ukingoni. Hakutupa magugu ovyo ovyo, maana hata uchafu una viwango vyake. Aliingia mpaka kiunoni, amekumbatia furushi kifuani, ili ayatawanye katikati yaonekane kama yameota hapo. Tope liliingia kwenye soksi. Bata mmoja alimfuata kwa nyuma akimzomea.

Waziri alifika kabla ya saa yake. Asubuhi hiyo alikuwa kwanza azindue kwingine maandalizi ya uzinduzi fulani, lakini maandalizi ya maandalizi hayakukamilika. Magari yakasimama, milango ikafunguka, na kamera zikamkuta Kaimu katikati ya bwawa, magugu yakimning'inia shingoni. Kaimu hakuyatupa. Aligeuka taratibu, akaanza kutembea kuelekea ukingoni kama mtu anayeyatoa.

"Yule ndani ya maji ni nani?" Waziri aliuliza.

"Ni Kaimu Mkurugenzi, mheshimiwa," alisema Katibu, ambaye simu yake ilikuwa imekwisha.

"Na hawa vijana mbona wamekaa?"

"Nimewapumzisha, mheshimiwa!" Kaimu alipaza sauti kutoka majini. "Niliona nitangulie mwenyewe."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mheshimiwa, ni moyo tu! Ningeachiwa, ningefanya kazi hii kila siku!"

"Na posho?"

Kaimu aliiona kamera ikimsogelea. "Posho ni ya wasio na moyo, mheshimiwa!"

Makofi yakalipuka. Waziri alitoa leso, akajifuta jicho moja, lile lililokuwa upande wa kamera.

"Ndugu zangu," alisema, "leo nilikuja kumthibitisha mtu huyu awe mkurugenzi. Sasa najiuliza, nimfungie ofisini mtu kama huyu? Nimlipe mshahara, nimvunjie heshima? Hapana. Namthibitisha hapo hapo alipo. Kuanzia leo ni Mfanyakazi wa Kujitolea wa Kudumu wa bwawa hili."

Watu wakapiga makofi. Kaimu naye alipiga, maana Waziri akisema hupigiwa makofi, na magugu yakamponyoka yakaelea mbele yake. Alitaka kulia. Alitabasamu, kwa kuwa kamera ilikuwa bado inamtazama.

Wakili akasimama, akapangusa nyasi kwenye sketi. "Mheshimiwa, naomba kuuliza. Tumeambiwa posho ni ya wasio na moyo. Wewe moyo unao, au unachukua posho?"

Kamera zote zikageuka. Waziri alimtafuta msaidizi wake kwa macho. Msaidizi alikuwa anachunguza mawingu kwa makini sana.

"Ninao," Waziri alisema kwa sauti ndogo. "Ninao, tena sana."

Vijana walimshangilia kuliko alivyowahi kushangiliwa kwenye mkutano wowote. Mmoja alikuja mbio na jozi ya gambuti zilizolowa.

"Unavaa namba ngapi, mheshimiwa?"

Waziri aliinama kufungua kamba za viatu, pole pole, kama vile fundo limekuwa gumu. Hakuna aliyekuja kumzuia. Alipotia mguu majini akijishikilia kwenye majani ya ukingoni, Kaimu alimnyooshea mkono kumwonyesha njia.

"Karibu sana, mheshimiwa," alisema. "Ila upande huu wenye kina kifupi nimeshathibitishwa mimi. Wewe anzia kule katikati."