Chupa Sita na Kibao cha Baba

Jumapili, 5 Novemba

Balaa. Daktari Arwa ametupa utafiti wa mwisho wa shahada. Kila mwanafunzi wa sayansi ya mazingira ateremke Korongo la Zaarur kwa miguu yake, ajaze chupa sita katika chemchemi sita, ayapime maji, aandike ripoti. Ripoti bora itasomwa kwenye mkutano mjini Akaba mbele ya wakubwa. Mwenye ripoti mbovu anarudia mwaka. Na Baba alishaapa: nikirudia mwaka, chuo basi, naingia kwenye kinu chake cha zeituni kubeba magunia. Mimi! Mtu niliyezaliwa kwa kazi ya kufikiri.

Ghaida ameshanunua mabuti ya mpira. Huyu ndiye wa kwanza darasani tangu tulipoanza, na huandika hata mwalimu anapokohoa. Namdharau kwa moyo wote.

Jumatatu, 6 Novemba

Siku ya maji mtaani kwetu. Bomba hutoa maji mara moja kwa wiki, basi Mama alikuwa anafua dunia nzima huku matangi ya juu ya paa yakijaa. Hapo akili yangu ikafanya kazi. Maji ni maji. Nikapanda juu ya paa, nikajaza chupa zote sita kwenye tangi, nikaziandika Chemchemi ya Kwanza hadi ya Sita, nikashuka kunywa chai.

Wenzangu wako korongoni wanachubuka magoti. Waache wachubuke. Shahada ni ile ile.

Jumatano, 8 Novemba

Daktari Arwa alichovya vijikaratasi vyake vya kupimia klorini, ile dawa ya maji ya bomba, kwenye chupa zangu, akainua uso, akaniuliza tangu lini Mwenyezi Mungu ameanza kutia dawa ya bomba kwenye chemchemi. Darasa zima likaangua kicheko. Ghaida hakucheka, jambo ambalo ni baya zaidi. Alinifuata nje na mabuti yake mkononi. "Chukua, ndugu yangu. Kule kunateleza."

Yananibana. Nina hakika alinunua madogo makusudi.

Nimepewa hadi Jumapili kuleta chupa nyingine.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimegundua kosa langu. Kosa halikuwa kudanganya. Kosa lilikuwa kudanganya kwa maji safi. Nani atapelekwa Akaba kwa sababu ya maji safi? Ghaida amezunguka chemchemi zote na amekuta maji safi, maskini ya Mungu. Ripoti yake itawalaza watu usingizi. Utafiti unataka dhambi.

Baada ya swala tulikula kinuni, mkate wa moto na mafuta mapya. Nyuma ya kinu kuna tangi la zibari, yale maji meusi yanayobaki zeituni ikishakamuliwa. Yakimwagwa korongoni yanaharibu kila kitu. Baba hulipa lori liyapeleke kwenye bwawa la serikali, na wenye vinu wa mbali humcheka kwamba anatupa pesa kwa kutupa uchafu. Nilichota kidumu kimoja. Kisha nikaenda chemchemi ya kwanza, iliyo kando ya barabara (mabuti sikuyavaa, yanabana), nikajaza chupa zote sita pale pale na kutia kila moja vijiko viwili vya zibari. Rangi ikawa kama kahawa ya msibani. Kazi safi.

Jumapili, 12 Novemba

Ushindi! Daktari alinusa chupa akakaa chini. Akaniuliza tena na tena kama nimejaza mwenyewe. Nikamwambia kwa mikono yangu hii. Akasema kuna watu wanakunywa maji yale, wao na mbuzi wao, akaipigia simu ofisi ya mazingira mbele yetu. Ghaida akasema kwa upole kwamba yeye alipita huko Jumanne na maji hayakuwa na kitu. Wivu huo, dada. Hauna dawa.

Nimeanza kufikiria suti ya Akaba.

Jumanne, 14 Novemba

Kinu cha Baba kimefungwa. Mnyororo mlangoni na lakiri nyekundu. Juu ya korongo lile kuna kinu kimoja tu. Hilo nililijua. Sikulifikiria tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Uani magunia ya watu yamerundikana, na zeituni zikikaa ndani ya gunia hupata joto, mafuta yakachacha. Shangazi Umm Khaldun, mjane, amekaa juu ya magunia yake, ndiyo mafuta yake ya mwaka mzima, na analia. Alisema adui hatoki mbali, kikulacho ki nguoni mwako, huku akiwakodolea macho wafanyakazi. Nikatikisa kichwa kukubali. Baba ameambiwa kuna mtu wa chuo aliyepeleka ushahidi. Akamwomba Mungu aukate mkono wa mtu huyo. Nilimpa chai kwa mkono wa pili.

Kisha akanishika bega. "Wewe ndiye msomi wetu wa mazingira, baba. Kesho maafisa wa mazingira wanakuja na mwalimu wenu. Nisemee." Niliumia kweli. Niliumia hadi chakula cha jioni.

Jumatano, 15 Novemba

Mpango ulikuwa niugue. Mama akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akanitoa kitandani kwa sikio.

Walikuja maafisa wawili, Daktari Arwa, na Ghaida na chupa zake. Mimi nilisimama nyuma ya lori. Maafisa wakamwambia Baba kwamba akikiri kosa na kulipa faini, watafungua leo leo. Baba akayatazama magunia ya Shangazi. Akaomba kalamu atie sahihi. Baba yangu, ambaye hajamwaga tone, akaomba kalamu. Nilitaka kusema. Badala yake nikainama kufunga kamba za viatu.

Daktari alikuwa anasoma kibao cha mlangoni. KINU CHA ABU MUTASIM. Abu maana yake baba; kwetu mwanamume huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza wa kiume, na darasani kwetu Mutasim ni mmoja. Akakitazama kibao. Akatazama nyuma ya lori. "Mutasim, hebu njoo. Huyu ni baba yako?"

Baba ndiye aliyejibu, tena kwa fahari. Akasema naam, huyu ndiye msomi wangu, muulizeni yeye.

Wakaniuliza. Nikasema yote. Ghaida alitazama pembeni. Shangazi hakutazama pembeni, alivua kiatu.

Baba akawaambia tu wafungue kinu, zeituni za watu zinaoza. Kisha akajitwisha gunia la kwanza la Shangazi, akanipita.

Jumamosi, 18 Novemba

Narudia mwaka. Akaba anakwenda Ghaida na mabuti yake. Mimi nimepandishwa kwenye lori la zibari, kazi yangu kushika mpira wa kunyonya uchafu tangini.

Baba hakunipiga. Alimleta mchora vibao. Sasa mlangoni pameandikwa KINU CHA ABU SALMA. Salma ni mdogo wangu, yuko darasa la tatu, na bado hajui kufunga kamba za viatu. Mtaa mzima wanamwita Baba hivyo, naye anaitika. Nilimwambia haijapata kuonekana mtu kuitwa kwa jina la binti ilhali ana mtoto wa kiume. Akaniuliza, "Yupi?"

Iliniuma. Hapa hakuna anayesoma, basi naandika wazi kwamba iliniuma.

Mama amenitetea, na Baba amelegeza kiapo kidogo. Nitarudi chuo, na siku nitakayofaulu jina langu litarudi mlangoni. Mama akaniambia sikio la kufa halisikii dawa, ila anaamini langu bado linaweza kupona.

Limepona kabisa. Nimeshaulizia utafiti wa mwaka ujao. Daktari Arwa anataka chupa sita za hewa kutoka barabara sita za mji wa Irbid. Hewa! Haina rangi, wala haitiwi dawa ya bomba. Chupa sita ninazo hapa chini ya kitanda. Nimezifunga vizuri. Zimeshajaa.