Mabati ya Marehemu Merle Yasiguswe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako la Alhamisi, hata kama ni chini ya matangazo ya mbegu, nieleze dhuluma inayotendeka Barabara Kuu ya mji wetu wa Weller, Nebraska. Jumatatu Kamati ya Kuurembesha Mji itaanza kubandua mabati ya kijani yaliyofunika kuta za mbele za maduka yetu, madirisha ya ghorofani pia, tangu nikiwa bibi arusi. Aliyeyapigilia ni marehemu mume wangu, fundi Merle Zabka. Eti nyuma ya mabati kuna matofali mazuri ya zamani. Mimi naishi ghorofani, juu ya lililokuwa duka la viatu, nyuma ya mabati hayo hayo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Matofali hayo tunayajua. Ndiyo tuliyoyaficha. Wazee wetu walichangishana ili wasiyaone tena, na gazeti hili hili likamsifu Merle ukurasa wa mbele kwamba ameuingiza mji katika zama mpya. Leo zama mpya zimekuwa takataka, na takataka imekuwa urithi. Naomba kujua ziligeuka siku gani, maana sikualikwa.

2. Mwenyekiti wa kamati, Tess Lindgren, aliyehamia kutoka Omaha akafungua mkahawa palipokuwa na bucha ya Emil, alinijia na keki. Akasema, "Bibi LaVonne, jengo linataka kupumua." Nikamwambia, "Mwanangu, jengo halina mapafu. Mwenye mapafu ni mimi, na mnataka kunijaza vumbi." Akacheka, akanikumbatia. Huo nao ni uonevu. Keki ilikuwa nzuri, lakini hiyo ni kesi nyingine.

3. Wanadai nimezibiwa madirisha. Madirisha ya nini? Taa ninayo, na swichi yake inafanya kazi.

4. Maduka yenyewe hayatulii. Benki imekuwa mahali pa kunyoosha viungo juu ya mikeka. Duka la viatu chini yangu linauza mishumaa yenye harufu ya mvua, wakati mvua yenyewe hunukia bure ikija. Wageni wakiniuliza njia nawaambia wakate kona kwa Emil, nao wanapotea. Mtaani hakuna kitu kilichobaki vilevile ila bati. Kwa hiyo naomba litangazwe urithi wa taifa, kila kibonyeo kilichoachwa na mvua ya mawe kiwekewe kibao, na matofali yatakayochungulia yapakwe rangi ya bati. Wanakamati nao, kabla ya kugusa msumari wowote, wapigiliwe mabati madirishani kwao mwaka mzima, waonje utulivu wetu.

5. Hili sikutaka kuliandika. Kaburi la Merle liko nje ya mji, na magoti yangu hayanifikishi. Bati lake naligusa kila asubuhi nikishuka ngazi za nje. Wakiling'oa, sijui nitamgusa wapi. Nina uchungu, Mhariri, na naomba usiupunguze kwa kukosa nafasi.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule binti anayepanga matangazo ya vifo. Mwambie bado nipo.

Ni mimi, nisiyebanduka,
LaVonne Zabka
(mjane wa Merle)

Tanbihi: Nikiwa nalamba bahasha, vijana wa kamati wameng'oa bati moja la majaribio, upande wa jikoni. Jua limeingia mpaka kwenye sinki. Nimemwona Tess akifagia ng'ambo ya barabara, akanipungia mkono, nami mkono ukainuka wenyewe. Halafu nikageuka. Ndugu Mhariri, kuta za jikoni kwangu ni za manjano. Kwa mwanga wa taa zilikuwa zinafanana na uji, nikasahau. Merle alinipakia rangi hiyo wiki tuliyooana, kwa sababu nilimwomba. Nimekaa hapa mezani namtazama ukutani. Tafadhali usichapishe barua hii. Waambie tu wanakamati kwamba Jumatatu ni mbali mno, na waanze na dirisha la chumba cha kulala.