Nafasi Moja Pangoni kwa Mstaafu Aliyekwisha Kutumika

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kallioranta,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Aatos Lehtisalo, fundi mstaafu wa kinu cha nyuklia. Nakaa nyumba ya mwisho kabla ya lango la pango yanamozikwa mafuta ya nyuklia yaliyotumika. Nina malalamiko, na ukiona mtu wa huku ameandika ukurasa mzima, ujue yamemfika shingoni.

1. Mafuta hayo hufanya kazi miaka michache tu. Yakichoka yanavishwa shaba, yanazungushiwa udongo laini na kushushwa ndani kabisa ya mwamba, yatunzwe miaka laki moja. Mimi nilipochoka nilipewa keki, tena wenzangu walikuwa wameshaimega.

2. Kwenye mkutano wa kuamua kama pango lichimbwe hapa, mliuliza nani anapinga. Ukumbi kimya. Mkagonga meza: limepita. Sina ugomvi na pango lenyewe. Umeme tuliutumia sisi, uchafu wake tuuzike sisi. Ugomvi wangu ni huo utaratibu, maana mke wangu Raili alikuwa kiti cha mbele, akijifunza.

3. Mwezi wa tatu, tukila supu ya samaki, Raili aliniambia anafikiria kuhamia Tampere kwa binti yetu Inkeri, kwa kuwa hapa hana wa kuzungumza naye. Nikanyamaza. Jamani, nani asiyejua kwamba mimi nikinyamaza vile nimekataa katakata? Yeye akahesabu limepita. Sasa nyumba imejaa maboksi, lori linakuja Jumamosi, nami naendelea kukataa kwa nguvu zangu zote bila kufungua mdomo.

4. Kwa hiyo kosa ni la halmashauri.

Naomba basi nafasi moja pangoni. Sifa ninazo: nimekwisha kutumika, bado natoa joto kidogo, hasa nikitoka sauna, na hakuna anayejua anifanye nini. Shaba si lazima. Tena nasikia mnahangaika jinsi ya kuwaonya watu wa baadaye wasichimbe pale. Niwekeni mlangoni. Hakuna aliyewahi kukaa nami kwa hiari yake isipokuwa Raili, na Raili anaondoka. Nikiifikiria nyumba hii bila yeye naogopa, Mheshimiwa. Nakuandikia wewe kwa sababu kumwambia yeye nimeshindwa.

Nisalimie wajumbe wote, waliosema ndiyo na walionyamaza.

Wako mtiifu, ingawa ni wa kulalamika,
Aatos Lehtisalo

N.B. Raili alikuwa akitafuta stempu, akaiona barua hii, akaisoma yote. Akasema, "Aatos, tangu mwezi wa tatu nasubiri uniambie nisiende."

Nikasema, "Usiende." Kwa sauti kabisa, mpaka paka akatoka chumbani.

Hakujibu. Amenyamaza hadi sasa, ila ametoa vikombe viwili kwenye boksi na kubandika birika. Nakiri utaratibu wenu wa kimya una akili yake. Ombi la pango nimelifuta. Watu wa lori nimewapigia simu mwenyewe, nikaongea dakika nzima.