Mkunga wa Mto Sio

Busia. Jumatatu, 6 Aprili 1964

Bartholomew Obbo amerudi! Yule yule niliyekuwa nikitega naye samaki Mto Sio, baba yake alipokuwa katekista hapa. Sasa ni mtafiti wa samaki. Ana gari la serikali. Anatafuta mkunga, samaki mrefu kama nyoka, anayezaliwa baharini kisha hupanda mito hadi bara. Hadhani yupo kwetu, lakini lazima ahakikishe. Atakayemleta ataandikwa jina kwenye ripoti. Mimi, Osborn Oundo, fundi baiskeli, ndani ya ripoti! Nikamwambia nimemwona mkunga juzi tu. Uongo, lakini mdogo.

Jumanne, 7 Aprili

Laban kinyozi naye anamtaka huyo mkunga. Kimbelembele! Kapeleka kitu ndani ya gunia. Nyoka. Mzima. Bartholomew alipanda juu ya gari. Nimecheka hadi mbavu zinauma.

Mimi nina akili. Nimenunua kamongo mdogo, samaki wa matopeni, mrefu vilevile, kwa Syprose sokoni. Kamongo ana mapezi kama nyuzi. Nimeyanyoa kwa wembe. Nikampaka mafuta ya nywele ya mke wangu Nereah. Anang'aa. Mkunga kamili!

Jumatano, 8 Aprili

Aibu. Bartholomew alimtia kwenye karai la maji, akamtazama. Mara samaki akainua kichwa, akavuta hewa, puuh, kama mzee aliyepanda Mwamba wa Tororo. Kamongo hufanya hivyo. Mkunga, hata kidogo. Bartholomew akanusa vidole vyake. "Osborn, tangu lini samaki wa Sio wanajipaka mafuta ya nywele?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakukasirika. Alivua miwani, akaniuliza kama nawakumbuka ningu, samaki wetu wa utotoni.

Nawakumbuka! Mvua kubwa zikianza, walipanda kutoka ziwani kuja kutaga, wengi hadi mto ulisikika ukichemka. Mama zetu waliingia na vikapu, wakiimba. Mama yake, Awor, alituita kwa Kidhopadhola, nami nilielewa neno moja tu: chakula. Kila nyumba ilinuka samaki wa moshi.

Bartholomew akasema nyavu za ziwani zinawakamata kabla hawajataga. Anataka kujua kama bado wanakuja.

Ijumaa, 10 Aprili

Imenyesha. Asubuhi yote tumesimama mtoni, suruali zimekunjwa, watu wazima wawili. Kikapu pale pale pa zamani. Maji tu. Nikaona mabega ya Bartholomew yanashuka. Kisha kikapu kikatikisika. Ningu! Mmoja, tumbo limejaa mayai. Tulipiga kelele kama wavulana. Alimfunga alama pezini, akanipa mimi nimrudishe. Samaki akapanda na mto, hakugeuka. Macho yangu yalilowa. Nikasema ni mvua. Mvua ilikuwa imekwisha.

Nimemwapia Bartholomew: sitachezea utafiti wa mtu tena.

Jumapili, 12 Aprili

Bartholomew ameondoka. Aliniambia ana mwenzake huko Tororo anayepima mvua kwa chombo cha kukinga maji kilichosimikwa uwanjani, na kwamba mwaka huu anapata kidogo sana, si kama zamani. Leo kanisani nimeyawaza hayo muda wote wa mahubiri. Mvua zile za utoto wetu, jamani! Haifai zipotee hivi hivi.

Kesho naenda Tororo kwa baiskeli. Nereah anauliza ndoo ya maji ya nini.