Feni ya Khalfan

Jumatatu, 5 Mei

Gari limechemsha tena. Sikufika hata kwenye reli ya Riverdale Park. Mvuke ulitoka chini ya boneti, na mama mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama aite zimamoto. Nikamjibu kwamba magari ya michezo ya mwaka 1974 hupumua hivyo. Mbwa hakuamini.

Nimefungua boneti. Feni imekatika panga mbili. Hiyo ndiyo sababu.

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa kwingine siuandiki. Daktari anasema moyo wangu hautaiona Krismasi. Sisikitiki sana, nimeishi, nimetafsiri hotuba za mabalozi watano, nimezika marafiki. Nina jambo moja tu. Mjukuu wangu Edna anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, kule Fairfax. Alipokuwa mdogo nilimwahidi kwamba siku hiyo nitamtoa kanisani na kumpeleka ukumbini kwa gari langu jekundu, mimi mwenyewe kwenye usukani. Binti yangu Honorata, mama yake, ameruhusu. Najua kwa nini ameruhusu. Anaamini halitawaka.

Jumatano, 7 Mei

Feni ya gari hili haitengenezwi tena. Ninayemjua kuwa nayo ni mmoja: Khalfan, wa Beltsville. Tulinunua magari pacha wiki moja, enzi tukifanya kazi pamoja kwenye ubalozi wetu huku ughaibuni. La kwake limekufa zamani, liko nyuma ya nyumba chini ya turubai. Hatujasemezana tangu aliponishinda uenyekiti wa jumuiya yetu kwa kugawa biriani mlangoni pa uchaguzi. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba.

Kumwomba siwezi. Kwa hiyo nikamtuma Jepkosgei, mhudumu anayekuja kuniangalia mchana, mama Mkenya mwenye heshima zake. Nikamfundisha: aseme anamtafutia feni mpwa wake, fundi, na asinitaje kabisa.

Amerudi mikono mitupu. Khalfan alimkaribisha chai na kumuuliza katumwa na nani. Jepkosgei akamjibu kwamba ameambiwa asimtaje Mzee Laurean.

Nikamlaumu. Akasema, Mzee, mimi nimeokoka, uliniambia nisikutaje na ndivyo nilivyomweleza.

Khalfan kanitumia salamu. Eti feni anayo, nzima, na kila jioni huifuta vumbi kwa ajili yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Feni ya gari la aina nyingine, niliyoiagiza mtandaoni Jumatatu, imefika. Kubwa. Ingefaa meli. Niliilazimisha, boneti ikakataa kufunga. Nikaketi juu ya boneti. Jepkosgei akaniteremsha na kunipima presha.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepata njia. Naiandika kwa aibu, lakini naiandika.

Kwetu sote hapa, awe Mkristo au Mwislamu, mtu akizidiwa huendewa, na huombana radhi na wenzake. Anachokiomba hanyimwi. Nani atamnyima anayekata roho kipande cha bati?

Na si uongo mtupu. Ninakufa kweli. Nimesogeza tu tarehe.

Nikamwambia Jepkosgei aandike kwenye kundi la simu la jumuiya kwamba nimezidiwa. Aligoma. Mwishowe akaandika: "Mzee Laurean amesema niseme anakufa." Nikafikiri ameniharibia. Kumbe watu wamelia. Wamesema huo ndio unyenyekevu wa wazee wa zamani.

Honorata kaja mbio, macho mekundu. Alitaka kuita ambulensi. Nikasema nataka kufia kitandani mwangu. Alinishika mkono mpaka usingizi ukamchukua kwenye kiti. Sikuweza kumtazama.

Jumapili, 11 Mei

Wamekuja wengi. Pilau, maandazi, kuku mzima. Siruhusiwi kula mbele yao. Sebastian, katibu wa jumuiya, alisimama miguuni pangu akinikadiria kama seremala aliyekuja kupima mlango. Wameshaunda kamati ya kunisafirisha kwetu Bukoba nikazikwe. Kulikuwa na ubishi mdogo kuhusu picha ya kuweka juu ya jeneza: ya suti au ya kanzu.

Khalfan aliingia wa mwisho. Kazeeka. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mnene na mwenye kiburi, lakini alivua kofia, akakaa, akanishika kiganja. Akasema, ndugu yangu, biriani ile ilikuwa ujinga, nisamehe. Nikasema nimekusamehe, nawe unisamehe. Laiti ningeishia hapo. Nadhani hiyo ndiyo ingekuwa dakika bora ya mwaka wangu huu wa mwisho.

Lakini nikamwomba feni. Nikasema nataka kulisikia gari likinguruma mara moja kabla sijaondoka. Machozi yakamlenga. Akasema ataileta.

Nikamuuliza kama italetwa na bolti zake.

Akaniachia kiganja. Akanitazama sana. Kisha akanong'ona kwa ile sauti yake ya Unguja, Laurean wewe, maiti gani anayeuliza bolti? Alicheka mpaka Sebastian akaingia na kumwambia kwamba kilio kina namna nyingi, asione haya.

Hakunisema kwa mtu. Hilo limeniuma kuliko kama angenisema.

Jumanne, 13 Mei

Honorata alitoka kwenda kazini. Khalfan akafika na feni ndani ya taulo. Na bolti. Alifunga yeye mwenyewe bandani, akiguna, Jepkosgei akimmulikia tochi na kuomba kimoyomoyo asamehewe. Mimi nilikalia ndoo na kutoa maelekezo. Khalfan alisema marehemu wengine huwa kimya.

Tukaliwasha. Mshale wa joto ukapanda hadi katikati ukasimama. Tuliutazama kama watoto. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka akiwa na furaha ya kweli.

Mara tukasikia gari la Edna. Sijakimbia miaka mingi, nami leo sikukimbia, ila nilifika kitandani. Khalfan alinivuta blanketi mpaka kidevuni. Mikono yangu ilikuwa nyeusi kwa grisi, nikaificha chini.

Edna alipiga magoti. Akaniambia kwa Kiingereza chao, huku akilia, kwamba yeye na mchumba wake Christopher wameamua. Ukumbi wa Fairfax wameuacha. Padre ameomba ruhusa kwa wakubwa wake. Ndoa itafungwa Ijumaa, hapa sebuleni, ili Babu aione.

Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Kilichotoka ni kikohozi. Nilikitoa mwenyewe, kwa makusudi.

Ijumaa, 16 Mei

Waliniegemeza kwenye mito, suti juu, blanketi chini. Ndoa ikafungwa kati ya televisheni na mashine yangu ya oksijeni. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilikatwa jikoni. Keki iliingizwa bila muziki, watu wakinyata, kwa sababu mgonjwa anataka utulivu. Edna ni mchezaji. Tangu utotoni hakai chini muziki ukilia. Leo hakucheza hata hatua moja, na kila nilipomtazama alinitabasamia.

Khalfan aliinama sikioni pangu akasema, mwambie. Nikasema kesho.

Kisha Edna akasema anataka hata hivyo atoke kwa gari la Babu. Nani anajua kuliendesha? Wakatazamana. Wote wakamgeukia Khalfan. Alikataa mara mbili, lazima nimpe haki yake. Mimi ndiye niliyetikisa kichwa kukubali. Maiti angefanya nini kingine?

Jepkosgei alinisogeza dirishani. Nikaliona gari langu likiteremka mtaani, jekundu, Edna pembeni na shela lake likipepea, Khalfan kwenye usukani, mgongo umenyooka kama wa kijana. Walizunguka mara kadhaa. Nakiri: niliomba lichemke. Halikuchemka. Feni ni nzuri sana.

Nimejinyang'anya mwenyewe. Na nimemnyang'anya Edna ngoma yake, jambo ambalo hana habari nalo. Mimi sitaishi kiasi cha kulilipa. Akirudi toka fungateni Jumapili ya wiki ijayo nitamweleza yote, hata la grisi. Nimeapa.

Jumatatu, 19 Mei

Daktari kafika, kanisikiliza kifua, kasema nimepata nafuu kidogo. Honorata kafurahi, kalitangazia kundi zima.

Saa moja baadaye Khalfan kapiga simu. Kasema alhamdulillahi. Kasema pia kwamba feni aliitoa kwa anayekufa, na mimi sifi, kwa hiyo anakuja kesho na spana zake. Tangu Ijumaa anauota ule usukani. Anataka kufufua gari lake. Nikamwita mnyang'anyi. Akaniita marehemu mtoro.

Edna nitamwambia Jumapili, nia yangu iko palepale. Lakini la haraka kwanza.

Jepkosgei amekataa kuandika. Basi nimechukua simu yangu na kuliandikia kundi mwenyewe: "Mzee Laurean kazidiwa ghafla. Hawezi kusema, hawezi hata kushika simu."