Sambusa za Ndege Isiyoruka

Kupaa? Ipae wapi, na hata tairi haikuwa nayo! Ilikuwa bado inachorwa, ndege ndogo ya matajiri, viti sita vya ngozi na choo chake ndani. Kampuni iliyokuwa inaichora ilikuwa na ofisi pale London, Edgware Road, juu ya mkahawa wa Waarabu. Na huyo Ghislain unayemuuliza alikuwa mtu mkubwa sana pale ofisini. Alikuwa anafagia.

Usicheke. Bosi anasoma kilichoko mezani tu. Mfagiaji anasoma na kilichoko kwenye pipa. Ghislain alikuwa kijana wa Bukavu, mrefu, shati limenyooka siku zote, na ule mdomo wake ungeweza kumuuzia kinyozi nywele. Mwaka ule wa elfu mbili na mbili alikuwa na shida moja tu: Léocadie. Walipendana, lakini Papa Adolphe, baba mdogo aliyemlea binti, alikuwa ameshasema neno lake. "Siku ya posa, jamaa yangu yote ya Barking itakuwepo. Watu themanini. Wakirudi na njaa, binti anarudi nao."

Sasa themanini, na mshahara wa ufagio! Fikiria.

Basi siku moja Ghislain yuko mtaa wa Thornton Heath, ameingia duka la Bwana Alkesh kununua kadi ya simu. Alkesh, Mhindi wa Kisumu, mkaanga sambusa. Duka dogo, lakini ukipita nje harufu inakushika mkono. Akamkuta anamlalamikia mkewe, Mama Geeta.

"Miaka tisa naandikia mashirika ya ndege barua! Watu huko juu wanapewa mkate baridi, na mimi niko hapa!"

Ghislain akasahau kadi ya simu. Njaa yake mwenyewe hakuwa na dawa yake, lakini njaa ya mwenzake, hiyo alijua kuipika.

Kesho yake akarudi na suti, beji ya kazi imegeuzwa ili neno "usafi" lilale kifuani, na mkononi brosha ya ndege, safi kabisa, ila kona moja ilikuwa na chai.

"Bwana Alkesh, mimi niko huduma ya abiria. Tunatafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa kulisha hii ndege dunia nzima."

Alkesh akafuta mikono mara mbili kabla ya kuishika brosha. "Dunia nzima?"

"Na Dubai."

"Si Dubai iko duniani?"

"Sasa unaona vile imezidi."

Alkesh akameza mate. Ghislain akaendelea: wakubwa lazima waonje kwanza, Jumamosi, Barking, ukumbi wa kanisa, watu themanini.

"Ngoja, kijana. Ndege ya watu sita, waonjaji themanini?"

"Sita watakaa, papa. Themanini watasaini."

"Na kwa nini kanisani?"

"Wakubwa wanaogopa kuruka."

Hapo mtu mwenye akili angemfukuza. Lakini Alkesh aliuliza jambo moja tu: "Yule Avtar wa duka la pale kona, amesikia hii?"

"Anataka sana."

"Asisikie!" Na akamwita Mama Geeta alete karai kubwa.

Basi, Alhamisi asubuhi Ghislain anafika kazini, anakuta maboksi mlangoni. Ule mfano wa plastiki wa ndege uko kwenye pipa, pua chini. Mhandisi mmoja, Albert, mzee wa miwani, amekaa sakafuni na koti lake.

"Wenye pesa wamejitoa," akamwambia. "Ndege imefutwa. Imetoka gazetini."

Ghislain alimwonea huruma, kweli kabisa, kwa muda wa kama dakika moja. Halafu neno "gazetini" likamchoma. Akakimbilia simu.

"Bwana Alkesh! Umesoma gazeti leo?"

"Gazeti nisome saa ngapi? Nakata vitunguu."

Ghislain akashusha pumzi. Mpango wake ulikuwa mwepesi: Jumamosi saa sita apokee vyakula mlango wa nyuma, aseme wakubwa wako kwenye kikao, afunge mlango.

Lakini Alkesh alikuja saa tano. Na akaja mlango wa mbele, kwa suti, na Mama Geeta kwa sari ya kijani, na sufuria kumi na mbili. Sasa jamaa ya Papa Adolphe walikuwa na desturi yao: siku ya posa, anayeingiza sufuria ndiye baba wa kijana. Hakuna kuulizana cheti wala rangi. Papa Adolphe akamkumbatia Alkesh, akamkalisha kiti cha mbele, akina mama wakapiga vigelegele. Ghislain akatokea jikoni, akamwona mtu wake kwenye kiti cha baba.

Papa Adolphe akafunua sufuria ya kwanza. Dengu. Ya pili, viazi. Ya tatu, mbilingani. Ya nne, sambusa za mboga. Akafunua mpaka ya mwisho, na uso wake unazidi kukunjamana. Unajua, Ghislain na ujanja wake wote hakuwahi kujiuliza kama Alkesh anapika nyama. Nyumba ya Alkesh haijaona nyama tangu babu yake.

"Mbuzi iko wapi?" akauliza. "Mmekuja kuchukua binti yangu na majani?"

Léocadie akamtazama Ghislain. Ghislain akafunua tena sufuria ya kwanza, kana kwamba mbuzi angejificha chini ya dengu.

Alkesh akainuka polepole. "Ndugu yangu, mbuzi ni ya harusi. Mtu akikuletea mbuzi siku ya posa, ameshamaliza, hana kingine. Sisi tumeanza na majani ujue mbuzi bado inakuja."

Papa Adolphe akafikiri. Mbuzi inakuja. Uso ukalainika kidogo. "Na huyu mtoto yako, anatumika kazi gani?"

"Alikuwa kwa ndege." Alkesh akatoa gazeti la Alhamisi mfukoni, akaliweka juu ya meza taratibu, akimwangalia Ghislain. "Ndege imekufa. Nilisoma asubuhi ile ile, lakini kilo arobaini za vitunguu zilikuwa zimeshakatwa. Nikasema nije nione ni mdomo gani huu. Sasa ako kwangu dukani. Atafanya miaka miwili. Saa kumi na moja alfajiri, kila siku. Na ile mbuzi itatoka kwa mshahara wake."

"Ni kweli, mwana?" akauliza Papa Adolphe.

Ghislain alitazama mlango. Ulikuwa wazi, na basi la kwenda stesheni lilikuwa linasimama nje. Akamtazama Léocadie.

"Ni kweli, papa."

Vigelegele vikapasua dari. Viti vikaburuzwa, watoto wakapigwa mikononi wasitangulie, Mama Geeta akapakua dengu, na Papa Adolphe akaonja sambusa ya kwanza, akachukua tatu. Watu wote wakakaa kula. Ghislain peke yake alibaki wima na sahani, mpaka Alkesh alipomvutia kiti.

"Keti, mwanangu, kula. Hii ndiyo ya mwisho utakula bila kuikunja mwenyewe."