Pole kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Machi. Mwaka mmoja, miezi saba na siku nne tangu niondoke nyumbani kuja kazini huku ughaibuni.

Mgongo umegoma kunyooka. Kutwa nzima nabeba makreti ya glasi stooni. Lakini nashukuru, ubaoni pamebandikwa tangazo la heri. Jumamosi kuna mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Atakayefaulu atahamia dirisha la kupokea mizigo, tena atatangulia kwenye orodha ya likizo. Atakayefeli angoje mwaka mwingine. Mwaka! Kitinda mimba wangu namjua kwa picha tu. Mama watoto anasema mtoto akiulizwa baba yuko wapi, anaonyesha simu.

Nitafaulu. Shule niliishia darasa la sita, lakini ujanja hausomewi.

Jumanne, 4 Machi.

Mbinu imeiva. Yule mwenzetu wa stoo tunayemwita Kasuku alifaulu mwaka jana. Kaniandikia hotuba aliyoitoa yeye, ukurasa mzima, kuhusu siku yake ya mapumziko ufukweni. Sijawahi kupumzika ufukweni. Kasuku naye hajawahi. Anasema alama hazitolewi kwa ufukwe, zinatolewa kwa mdomo. Mtu mwema sana! Nimemwachia kitanda changu cha karibu na feni.

Nakariri bafuni. Wenzangu wanagonga mlango wakiuliza kama nimezimia.

Jumatano, 5 Machi.

Balaa! Nyapara alikuwa anarudi kinyumenyume huku akihesabu makreti. Akajikwaa. Glasi kumi na mbili, vumbi tupu. Mimi nilikuwa mlangoni, mbali kabisa. Lakini mtu aliyelelewa hawezi kunyamaza. Nikamwambia: Sori, bosi.

Akainua kichwa akauliza, kumbe ni wewe? Nikaona goti lake linatoka damu. Nikarudia: Sori sana. Akatoa daftari akaniandika mvunjaji. Aliwaambia wote kwamba nimekiri mara mbili.

Mpishi wa kantini alicheka mpaka akakaa chini. Eti, kaka, huku pole ni kesi!

Naapa, neno hilo halitatoka tena kinywani mwangu.

Alhamisi, 6 Machi.

Mbinu ya pili. Mwalimu wa darasa letu la Kiingereza, ndiye atakayetutahini, katangaza kwamba tutaingia wawili wawili, kila mtu achague mwenzake. Nimemchagua mpishi. Tangu darasa lianze hajafungua mdomo ila kupiga miayo. Nyota huonekana gizani! Nilipomwomba alinishika mkono kwa mikono miwili akasema Mungu anibariki. Maskini, hajui.

Jumamosi, 8 Machi.

Mtihani umekwisha.

Mpishi kumbe maji yanayotiririka! Kutwa anabishana dirishani na watu wanaolalamikia supu, na wote wanalalamika kwa Kiingereza. Amemweleza mwalimu mapishi ya jikoni kwake mpaka mwalimu akameza mate. Mimi ndiye niliyekuwa giza.

Zamu yangu. Mwalimu akaniuliza kuhusu kazi yangu. Nikampa ufukwe. Akaniuliza nilikula nini huko ufukweni. Kwenye hotuba hakuna chakula! Nikaanza upya, kutoka juu. Akaweka kalamu chini, taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

Halafu akakohoa. Kikohozi kirefu, machozi yakamtoka. Nami, mdomo usio na breki, nikasema: Sori, mwalimu.

Akaniuliza, sori ya nini? Hujafanya kosa.

Nikamtazama mpishi anisaidie. Kwa mara ya kwanza alikuwa kimya. Basi nikaeleza mwenyewe, vipande vipande. Kwamba kwetu mtu akikohoa, sori. Akibeba mzigo, sori. Akirudi kazini, sori. Akianguka, hata awe nyapara, sori. Si kwamba nimekosa. Ni kwamba nimekuona.

Akauliza, na wewe ukichoka, nani anakwambia? Nikasema mke wangu, kwa simu, kila jioni. Akauliza mtu akiambiwa hivyo hujibu nini. Nikasema hujibu asante, halafu uchovu hupungua kidogo. Sijui nimevunja sarufi ngapi. Nyingi kuliko glasi.

Mwalimu akasema asante. Akaandika muda mrefu.

Jumatatu, 10 Machi.

Nimefaulu! Kwenye fomu yangu, hotuba imepata sifuri. Kuitikiana na mwenzako, alama zote. Chini mwalimu kaandika kwamba mtahiniwa huzungumza vizuri akisahau alichokariri. Sijaelewa, lakini namshukuru. Tena alimfuata nyapara akamweleza maana ya sori yangu. Jina langu limefutwa kwenye uvunjaji. Nyapara akaja kuninong'oneza kwamba goti limepoa.

Mwalimu, ahsante. Mpishi, ahsante kwa kunyamaza ulipotakiwa. Kasuku, ahsante kwa ufukwe, na kitanda baki nacho.

Nimekaa nikapima kilichoniokoa. Jibu liko wazi: kikohozi! Nikirudi kutoka likizo kuna mtihani wa daraja la pili. Mpishi ameahidi kunifungia pilipili ya unga kidogo, nitaipuliza mezani mwalimu akiinama. Kasuku naye ananiandikia hotuba mpya, ya kupanda mlima. Safari hii nitakariri mpaka chakula.

Mama watoto, nitafika Jumamosi, tarehe 29, kabla ya magharibi. Siku hiyo mtoto akiulizwa baba yuko wapi, mfundishe aonyeshe mlangoni.